Masinde Muliro: Mbunge wa Kitale Aliyetetea Ugatuzi Kabla ya Kaunti Kuzaliwa

Jina la Masinde Muliro hutajwa kila siku magharibi mwa Kenya. Uwanja wa michezo wa Kanduyi mjini Bungoma umepewa jina lake. Mjini Kakamega kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka wa 2007. Hata hivyo, vijana wengi wanaocheza mpira uwanjani Kanduyi au kusomea shahada zao Kakamega hawajui mtu huyo alikuwa nani, wala kwa nini wazee wa Kitale na Kimilili humtaja kila mjadala wa ugatuzi unapozuka.

Wapo pia wanaomchanganya na Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa. Wote wawili walitoka Kimilili na wote walipinga ukoloni, lakini ni watu wawili tofauti. Elijah Masinde aliongoza vuguvugu la kidini ambalo serikali ya kikoloni ililipiga marufuku mwaka wa 1948. Masinde Muliro alikuwa mwalimu aliyeingia katika siasa kwa njia ya kura, akahudumu kama mbunge na waziri, na akafariki mwaka wa 1992 akiwa bado anapigania mageuzi.

Makala haya yanaeleza maisha yake na jambo moja alilolishikilia kwa muda mrefu: kwamba serikali ikikaa mbali na mwananchi, mwananchi ataumia. Yanaeleza pia jinsi wazo hilo lilivyokubaliwa, likafutwa, likapotoshwa na hatimaye kurudi katika Katiba ya 2010 kwa sura ya kaunti.

Kutoka Matili hadi Cape Town

Henry Pius Masinde Muliro alizaliwa mwaka wa 1922 katika kijiji cha Matili, Kimilili, sehemu ambayo leo iko katika Kaunti ya Bungoma. Alifiwa na wazazi mapema akalelewa na jamaa. Alisoma katika shule za misheni ya Kikatoliki, Kenya na Uganda, wakati ambapo mtoto wa Kiafrika aliyevuka shule ya msingi alihesabiwa kuwa mwenye bahati kubwa.

Mwaka wa 1949 alikwenda Afrika Kusini kusoma katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Ulikuwa mwaka mmoja tu baada ya chama cha National Party kutwaa mamlaka nchini humo na kuanza kujenga mfumo wa ubaguzi wa rangi kwa sheria. Kwa miaka michache Muliro aliona kwa macho yake jinsi serikali inavyoweza kutumia sheria kumwondolea mtu ardhi, makazi na kura.

Alirejea Kenya mwaka wa 1954 akiwa na shahada, hali ya hatari ikiwa bado imetangazwa nchini. Alifanya kazi ya ualimu, ikiwemo katika Chuo cha Walimu cha Siriba huko Maseno. Miaka mitatu baadaye aliacha chaki na kuingia katika siasa.

Uchaguzi wa 1957

Mnamo Machi 1957 Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane tu kwa nchi nzima. Tena si kila mtu mzima aliyepiga kura. Mpiga kura alihitaji kutimiza masharti ya elimu, mapato, mali au utumishi, na aliyetimiza masharti mengi zaidi alipewa hadi kura tatu.

Muliro aligombea kiti cha Nyanza Kaskazini. Jina hilo linaweza kumshangaza msomaji wa leo, lakini wakati huo eneo lote la Waluhya lilihesabiwa kuwa sehemu ya Mkoa wa Nyanza. Alimshinda W. W. W. Awori, mwanasiasa na mwanahabari mashuhuri aliyekuwa tayari katika Baraza. Wengine waliochaguliwa mwaka huo ni Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Daniel arap Moi, Lawrence Oguda, James Muimi na Bernard Mate.

Wanane hao walianza kazi kwa kukataa. Walisema viti vinane havitoshi kwa mamilioni ya Waafrika, na wakakataa kupokea nyadhifa za uwaziri hadi uwakilishi uongezwe. Msimamo huo ulizaa matunda, kwani mwaka wa 1958 viti vya Waafrika viliongezwa kutoka vinane hadi 14. Mwaka wa 1960 mazungumzo ya katiba yalianza katika jumba la Lancaster House jijini London, na Muliro alikuwa miongoni mwa wajumbe.

KADU na hoja ya majimbo

Mwaka huo wa 1960 vyama viwili vikubwa viliundwa. KANU kilianzishwa mwezi wa Mei na kilipata nguvu hasa kutoka kwa Wakikuyu na Waluo. Mwezi uliofuata, viongozi wa jamii zilizohofia kumezwa na wingi huo walikutana Ngong na kuunda KADU. Ronald Ngala alikuwa rais wa chama, Masinde Muliro naibu wake, Daniel arap Moi mwenyekiti na Martin Shikuku katibu mkuu.

Hofu ya KADU ilikuwa rahisi kueleweka. Wakoloni walitawala kwa kukusanya mamlaka yote Nairobi: gavana mmoja, hazina moja, amri kutoka juu hadi kwa chifu. Je, Mwafrika akikalia kiti cha gavana bila kubadilisha muundo wenyewe, mkulima wa Malakisi au mvuvi wa Malindi atapata nini? Jibu la KADU lilikuwa majimbo, yaani kugawanya mamlaka kati ya serikali kuu na serikali za maeneo, kila moja ikiwa na baraza lake la kuchaguliwa.

Katika uchaguzi wa 1961 KANU kilipata viti vingi zaidi, lakini kikakataa kuunda serikali kabla ya Jomo Kenyatta kuachiliwa. KADU kiliingia serikalini kwa kuungwa mkono na wajumbe wa vyama vingine, na Muliro akawa Waziri wa Biashara na Viwanda.

Hoja ya majimbo iliingia katika katiba ya uhuru ya mwaka wa 1963. Nchi iligawanywa katika majimbo saba, pamoja na eneo la Nairobi. Kila jimbo lilikuwa na bunge lake. Bunge la kitaifa lilikuwa na mabaraza mawili, na Seneti yenye wanachama 41 ilipewa kazi ya kulinda majimbo. Kubadilisha vipengele vilivyolinda majimbo kulihitaji idadi kubwa sana ya kura.

Mfumo huo haukudumu. KANU kilishinda uchaguzi wa Mei 1963, na serikali mpya haikuupenda. Majimbo yalicheleweshewa fedha na mamlaka, huku wabunge wa upinzani wakihamia upande wa serikali mmoja baada ya mwingine. Tarehe 10 Novemba 1964 KADU kilivunjwa rasmi. Muliro alikuwa miongoni mwa waliosita kuvuka, lakini naye akajiunga na wenzake. Kenya ilipokuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964, mamlaka mengi ya majimbo yalikuwa yamekwisha kuondolewa. Mwishoni mwa 1966 Seneti nayo iliunganishwa na baraza la chini. Majimbo yakageuka mikoa, na mikoa ikaongozwa na wakuu walioteuliwa kutoka Nairobi.

Kwa hiyo ugatuzi wa kwanza wa Kenya ulikufa ndani ya takriban mwaka mmoja na nusu. Haukuuawa kwa kura ya maoni wala kwa mahakama. Ulikosa fedha, kisha ukakosa watetezi bungeni.

Kitale iwe upande gani?

Kwa wakazi wa Trans Nzoia na Bungoma, majimbo hayakuwa suala la vitabuni. Kabla ya uhuru, Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya Nyanda za Juu zilizotengewa Wazungu. Reli ilifika Kitale mwaka wa 1926, na mashamba makubwa ya mahindi na mifugo yakaenea kutoka vilima vya Cherangany hadi miguu ya Mlima Elgon. Wafanyakazi wengi katika mashamba hayo walitoka ng'ambo ya Mto Nzoia, upande wa Bungoma na Kakamega. Wengine walitoka jamii za Wasabaoti, Wapokot, Wanandi na nyinginezo. Baadhi ya jamii hizo zilikuwa zimelisha mifugo yao katika ardhi hiyo kabla ya walowezi kufika.

Mwaka wa 1962 Tume ya Mipaka ya Majimbo ilizunguka nchini kukusanya maoni. Waluhya waliomba jimbo lao wenyewe, nje ya Nyanza, wakalipata. Viongozi wa Wabukusu, Muliro akiwemo, walitaka Trans Nzoia iwe katika jimbo hilo la Magharibi. Viongozi wa Wakalenjin walitaka ibaki Bonde la Ufa. Ugumu ulikuwa kwamba pande zote mbili zilikuwa katika chama kimoja cha KADU, Muliro akiwa upande huu na Moi upande ule. Hatimaye Trans Nzoia ilibaki Bonde la Ufa, na mpaka huo ndio unaozitenganisha kaunti hizi mbili hadi leo.

Lakini mpaka haukuzuia watu. Kuanzia 1962 mpango wa makazi wa ekari milioni moja ulinunua mashamba ya walowezi kwa mikopo na kuyagawa kwa wakulima Waafrika. Mashamba mengine yalinunuliwa na vyama vya ushirika na kampuni za wananchi, ambapo watu walichanga fedha, wakanunua shamba zima na kugawana kwa hisa. Maelfu ya familia kutoka Bungoma zilivuka Nzoia kwa njia hiyo. Muliro mwenyewe alikuwa mkulima Trans Nzoia, na kwa miaka mingi aliiwakilisha Kitale bungeni. Eneo bunge lake la Kitale Mashariki lilikuwa upande ambao leo ni Cherangany.

Mtoto wa Matili akawa mbunge wa Kitale. Aliyetaka mpaka uwekwe kwingine aliishi na kuchaguliwa upande wa pili wa mpaka uliowekwa, na wapiga kura wake walikuwa wa jamii nyingi. Wa pili kufuata njia hiyo ni Michael Kijana Wamalwa, mzaliwa wa Sosio karibu na Kimilili. Alichaguliwa mbunge wa Kitale Magharibi mwaka wa 1979 na akafika hadi cheo cha Makamu wa Rais mwaka wa 2003, mwaka aliofariki. Hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kitale ina jina lake.

Kura iliyomgharimu uwaziri

Baada ya uchaguzi wa 1969 Muliro aliteuliwa kuwa Waziri wa Ushirika na Huduma za Jamii, wizara iliyogusa moja kwa moja wakulima wa mahindi, kahawa na maziwa wa eneo hili. Baada ya uchaguzi wa 1974 alihamishiwa Wizara ya Ujenzi.

Mnamo Machi 1975 mbunge wa Nyandarua Kaskazini, Josiah Mwangi Kariuki, aliyejulikana kwa jina la JM, alitoweka jijini Nairobi. Mwili wake ulipatikana katika vilima vya Ngong. Bunge liliunda kamati teule ya kuchunguza mauaji hayo. Mwenyekiti wake alikuwa Elijah Mwangale, mbunge wa Bungoma Mashariki. Mwezi wa Juni kamati iliwasilisha ripoti iliyowataja maafisa wakuu wa polisi na kutaka wachunguzwe zaidi.

Serikali haikutaka Bunge liikubali ripoti hiyo. Ilipendekeza Bunge liitambue tu kuwa imewasilishwa, bila kuipitisha. Mjadala ulikuwa mkali. Kura zilipohesabiwa, upande wa serikali ulishindwa kwa tofauti ndogo. Masinde Muliro, akiwa waziri, alipiga kura pamoja na wabunge waliotaka ripoti ipitishwe. Wasaidizi wa mawaziri John Keen na Peter Kibisu walifanya vivyo hivyo. Rais Kenyatta aliwafuta kazi wote watatu mara moja.

Ili kuelewa uzito wa kitendo hicho, ni muhimu kujua kanuni ya uwajibikaji wa pamoja. Katika mfumo wa wakati huo, mawaziri waliteuliwa kutoka miongoni mwa wabunge. Waziri alikuwa na mabwana wawili: wapiga kura waliompeleka bungeni na Rais aliyempa wizara. Baraza la mawaziri likishaamua jambo, kila waziri alitakiwa kulitetea au ajiuzulu. Muliro alijua sharti hilo. Alichagua kupiga kura kama mbunge, akapoteza cheo cha waziri.

Miezi minne baadaye hali ilizidi kuwa ngumu. Mnamo Oktoba 1975 Martin Shikuku, mbunge wa Butere, na Naibu Spika Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet, walikamatwa ndani ya majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Kosa lao lilikuwa maneno waliyosema katika mjadala. Kila mbunge alielewa ujumbe huo.

Katiba ya 2010 iliondoa mgongano uliomkabili Muliro. Chini ya Kifungu cha 152, waziri hawezi kuwa mbunge kwa wakati mmoja. Mbunge anayechunguza serikali haipaswi kuwa na hofu ya kupoteza wizara, kwa sababu hana wizara ya kupoteza.

Wazee sita wa FORD

Mnamo Juni 1982 Bunge liliongeza Kifungu cha 2A katika katiba ya zamani, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Mtu asiyekuwa mwanachama wa KANU hakuweza kugombea kiti chochote. Mwaka wa 1988 KANU kilitumia upigaji kura wa mlolongo katika mchujo wake, ambapo wapiga kura walijipanga hadharani nyuma ya wagombea au picha zao. Malalamiko kwamba aliyekuwa na mlolongo mfupi alitangazwa mshindi yalisikika kila pembe ya nchi.

Agosti 1991 wanasiasa sita walitangaza kundi la kudai demokrasia lililoitwa FORD. Walikuwa Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge na Ahmed Bamahriz. Idadi hiyo haikuwa bahati tu. Sheria ya Vyama iliwataka watu kumi au zaidi wanaoungana wajisajili kwa serikali, na ilikuwa wazi kwamba FORD haingesajiliwa. Watu sita walikuwa wachache mno kuhesabiwa kuwa chama kisheria, lakini walitosha kuzungumza na nchi nzima. Muliro alikuwa na umri wa miaka 69.

Tarehe 16 Novemba 1991 FORD kiliitisha mkutano katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, licha ya marufuku ya serikali. Polisi walitawanya umati na viongozi wakakamatwa. Siku chache baadaye mataifa wafadhili yalisimamisha misaada mipya kwa Kenya. Mapema Desemba wajumbe wa KANU waliokutana Kasarani walikubali kufutwa kwa Kifungu cha 2A, na kabla ya mwezi kwisha Bunge likakifuta. Vyama vingi vikarudi.

Ushindi huo ulifuatwa na mvutano ndani ya FORD kuhusu nani awanie urais. Muliro alikuwa mmoja wa waliotajwa. Tarehe 14 Agosti 1992 alirejea kutoka London, alikokwenda kwa shughuli za chama. Alipofika katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta alianguka na kufariki. Kifo hicho cha ghafla kilizua maswali na majonzi makubwa Kitale, Bungoma na kote nchini.

FORD kiligawanyika mara mbili kabla ya uchaguzi, FORD-Kenya cha Odinga na FORD-Asili cha Kenneth Matiba. Katika uchaguzi wa Desemba 1992 Rais Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura, upinzani ukiwa umegawana zilizobaki.

Neno lililochafuliwa

Katika mwaka wa mwisho wa maisha ya Muliro, neno majimbo lilisikika tena, lakini kwa maana nyingine. Mnamo Septemba 1991 baadhi ya viongozi wa KANU katika Bonde la Ufa walifanya mikutano wakidai majimbo, na kuwaambia wakazi waliotoka mikoa mingine warudi kwao. Mwezi uliofuata mapigano ya kikabila yalizuka Nandi, kisha yakaenea hadi Trans Nzoia na Mlima Elgon. Watu waliuawa, nyumba na mazao yakachomwa, na familia nyingi zikakimbilia Kitale na Bungoma kulala makanisani na katika viwanja vya masoko.

Ni muhimu kutenganisha maana hizo mbili. Majimbo yaliyoandikwa katika katiba ya 1963 yalihusu mamlaka: nani aamue kuhusu shule, zahanati na kodi. Majimbo ya mikutano ya 1991 yalihusu watu: nani afukuzwe. Madai ya kwanza yanaleta serikali karibu na mkazi yeyote aliyepo. Ya pili yanachagua ni mkazi gani anayestahili kuwepo. Eneo kama Trans Nzoia, ambako karibu kila familia inakumbuka jamaa aliyehamia kutoka kwingine, lilikuwa na mengi ya kupoteza kwa maana hiyo ya pili.

Ndiyo sababu walioandika Katiba ya 2010 waliweka wazi kwamba kaunti si mali ya kabila. Kifungu cha 174 kinataja miongoni mwa malengo ya ugatuzi kuimarisha umoja wa taifa kwa kutambua tofauti zilizopo, na kulinda maslahi na haki za makundi madogo na yaliyotengwa. Kifungu cha 39 kinampa kila raia haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote nchini. Mzaliwa wa Kimilili anayelima Cherangany ni mkazi wa Trans Nzoia kwa ukamilifu, sawa na aliyezaliwa Kitale.

Kaunti zimejifunza nini kutokana na 1963?

Majimbo ya 1963 yalikufa kwa kunyimwa fedha na kukosa ulinzi. Katiba ya sasa iliziba mianya hiyo kwa njia tatu.

Kwanza, fedha. Kifungu cha 203 kinasema mgao wa kaunti zote kwa pamoja usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kuzingatia hesabu za karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa.

Pili, Seneti. Ilirudi ikiwa na kazi ileile ya kulinda maslahi ya maeneo, na sasa kila kaunti kati ya 47 inamchagua seneta wake.

Tatu, kura ya wananchi. Mabadiliko yoyote ya katiba yanayogusa malengo, kanuni na muundo wa ugatuzi ni lazima yapelekwe kwenye kura ya maoni. Wabunge hawawezi kuyapitisha peke yao kama ilivyokuwa 1964.

Hata hivyo wakazi wengi bado hawana uhakika ni kiongozi yupi wa kuulizwa jambo lipi. Kwa ufupi:

Mbunge huchaguliwa na eneo bunge. Hutunga sheria za kitaifa, hupitisha bajeti ya kitaifa na kuichunguza serikali kuu. Trans Nzoia ina maeneo bunge matano: Kwanza, Endebess, Saboti, Kiminini na Cherangany. Bungoma ina tisa. Shule za msingi na sekondari, polisi na barabara kuu ni za serikali ya kitaifa.

Seneta huwakilisha kaunti nzima jijini Nairobi, hushiriki kuamua jinsi mgao wa fedha unavyogawanywa kati ya kaunti, na husimamia matumizi ya fedha hizo.

Gavana na kamati yake tendaji huendesha huduma za kaunti: hospitali na zahanati za kaunti, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, ushauri wa kilimo, masoko na barabara za kaunti.

Mwakilishi wa wadi, yaani MCA, hupitisha sheria na bajeti ya kaunti na kumhoji gavana. Trans Nzoia ina wadi 25, Bungoma 45.

Nafasi ya mkazi

Katiba ya 1963 haikumpa mwananchi wa kawaida nafasi ya kuzungumza kati ya uchaguzi mmoja na mwingine. Ya sasa inampa. Kifungu cha 196 kinalitaka Bunge la Kaunti kufanya vikao vyake hadharani na kushirikisha umma katika kazi zake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mkazi haki ya kuwasilisha ombi kwa Bunge la Kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake.

Kalenda ya bajeti nayo inajulikana mapema. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha huwasilishwa kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya kila hatua, wakazi wana haki ya kutoa maoni. Mkazi anayetaka kisima, daraja au dawa katika zahanati ya kijiji chake anafaa kufika wakati mpango unaandikwa. Akisubiri hadi Juni, atakuta fedha zimekwisha kupangiwa kazi.

Katika mikutano ya aina hiyo, viti vya nyuma mara nyingi hubaki wazi. Mwaka wa 1957 Waafrika wachache walioruhusiwa kupiga kura walipimwa kwanza elimu yao na mali yao. Leo mkazi yeyote wa Sibanga, Endebess, Webuye au Sirisia anaweza kuingia katika ukumbi wa wadi na kusema, bila kuulizwa cheti, shamba wala kabila. Hilo ndilo lililopiganiwa na kizazi cha Muliro, na ndilo linalohitaji watetezi ili lisife tena kama lilivyokufa mwaka wa 1964.